Bei ya Kubaki Pwani



Kila mwaka, likizo za shule zinapoanza na siku za arusi zinapokaribia, watu wa mji wa Kalemie hukumbuka tena kwamba wana ziwa. Siku nyingine zote ziwa ni kazi: ni ndagala wa kuanika, ni magunia ya kupakia, ni safari ya kwenda Moba au Uvira kwa biashara. Lakini siku ya furaha ziwa hugeuka kuwa bustani. Maharusi hutaka kupigwa picha juu ya maji. Wanakwaya hutaka kuimba huku wakielea. Watoto waliofaulu mitihani huwakumbusha baba zao ahadi ya zamani, kwamba siku moja watapelekwa mbali kidogo, hata mahali ambapo nyumba za mji huonekana ndogo kama viberiti. Basi jamaa hukusanya fedha, wakashuka pwani, wakakodi chombo.

Jambo hili ni jema, wala hatushiki kalamu ili kulikataza. Mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa, akakua bila kulijua, amenyimwa sehemu ya urithi wake. Lakini twataka kusema neno juu ya mapatano yenyewe ya kukodi, kwa kuwa twaona kwamba watu hupatana vizuri juu ya mambo yote ila lile lililo kubwa. Hupatana bei ya chombo. Hupatana nani atanunua mafuta. Hupatana saa ya kuondoka, na kama mabaharia watakula pamoja na wageni ama watapewa chakula chao mbali. Lakini hawapatani bei ya kubaki pwani.

Bei ya kubaki pwani ni nini? Ni jibu la maswali mawili: asubuhi ile upepo ukikataa, nani atakuwa na neno la mwisho? Na fedha zilizokwisha kutolewa zitakuwaje? Maswali haya yasipojibiwa mapema, hujibiwa pale pale majini, na majibu ya majini hayana huruma.

Kwanza tulifahamu ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, na upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50. Kina chake hufika mita 1,470, hata katika dunia nzima ziwa linalolipita kwa kina ni moja tu, Baikal, lililo nchini Urusi. Nchi nne hulishirikiana: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Tazameni sasa umbo lake: ni refu na jembamba, limelala kutoka kusini kwenda kaskazini katikati ya milima. Upepo unaovuma kutoka kusini hupata uwanja mrefu wa kukimbilia, na kadiri upepo unavyokimbia juu ya maji, ndivyo mawimbi yanavyozidi kukua. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na mji wa Kalemie, ulioko pwani ya magharibi, hauna ukuta wa kuukinga. Wakati wa masika hatari ni ya namna nyingine: kutwa maji huweza kutulia kama mafuta katika sahani, kisha wingu moja jeusi likashuka na dhoruba ya ghafula. Asubuhi njema si ahadi ya jioni njema. Mvuvi anayajua haya tangu utoto wake. Mgeni aliyetoka ndani ya nchi kuja kuoza binti hayajui, naye ndiye mwenye fedha mkononi.

Kukodi chombo si jambo jipya katika ziwa hili. Mwezi wa Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji, pwani ya mashariki, wakitaka kulichunguza ziwa. Mitumbwi waliyoikuta ilikuwa ya magogo yaliyochongwa, nao walitamani jahazi. Wakasikia kwamba Sheikh Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara aliyekaa katika kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani ya magharibi, alikuwa nalo. Mwezi wa Machi Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kulikodi. Wapiga kasia hawakukata maji moja kwa moja. Walifuata kwanza pwani ya mashariki kwenda kusini mpaka Kabogo, ndipo wakavuka. Baada ya kuvuka, dhoruba iliwakuta kisiwani, na usiku ule mdudu akamwingia Speke sikioni, akamtesa kwa muda mrefu. Sheikh alimpokea kwa ukarimu, lakini jahazi halikupatikana, na Speke akarudi Ujiji mikono mitupu. Ndipo ikawabidi kukodi mitumbwi miwili kwa Kannena, mkuu wa mahali pale, kwa malipo waliyoyanung'unikia sana, na kwa mitumbwi hiyo wakafika Uvira mwezi wa Aprili.

Tukiisoma habari hii twaona jambo lililo la kweli hata leo. Mwenye kukodi hufikiri habari za bei, na mwenye kupiga kasia hufikiri habari za maji. Wote wawili wana haki. Lakini mabishano ya bei humalizwa kwa maneno, na mabishano na maji hayamalizwi hivyo. Anayekodi chombo amekodi mbao, injini na mikono ya mabaharia. Ziwa hakulikodi, wala hakuna awezaye kulikodisha.

Tuweke mfano. Baba mmoja anaoza mwanawe. Amekodi boti ya mbao yenye injini, ametoa nusu ya malipo, amealika wageni 30. Asubuhi nahodha anatazama kusini, anatikisa kichwa.

"Mzee, maji ya leo si mazuri. Tungoje hata kesho."

"Kesho? Wakwe wamekuja toka Kabalo, garimoshi haliwangoji. Chakula kimekwisha kupikwa. Na fedha zangu?"

Nahodha ananyamaza. Fedha zile mwenye chombo amekwisha kuzitumia, na chombo kisipoondoka yeye nahodha hatapata hata faranga moja ya kupeleka nyumbani. Simu inalia: ni mwenye chombo, aliye mjini, asiyeona wimbi hata moja. "Wapeleke tu, ni karibu." Wageni nao wamekwisha kuvaa nguo za sikukuu. Kijana mmoja anacheka na kuuliza kama nahodha huyu ameanza kazi jana.

Je, katika watu hawa yuko aliye mbaya? Hapana. Baba anaona aibu mbele ya wakwe. Mwenye chombo anaogopa kudaiwa. Nahodha anawaza watoto wake. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu zote zinasukuma upande mmoja, kuelekea majini. Hapana hata shilingi moja inayovuta kurudi pwani. Ndiyo maana twasema kwamba kosa halikutendeka asubuhi ile. Lilitendeka siku ya mapatano, walipoacha kupatana bei ya kubaki.

Wala tusiseme kwamba twatisha watu bure. Mwezi wa Desemba 2014 meli ya Mutambala ilipinduka katika ziwa letu hili hili, katika maji ya Katanga, na maiti waliohesabiwa walikuwa 129. Habari za siku zile zilitaja mambo mawili: mzigo uliozidi na upepo mkali. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria nchini Tanzania. Kilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 200, nacho kilikuwa kimekwisha kukaribia gati. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka mbele ya mji wa Goma, karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama toka nchi kavu. Vyombo hivi vilikuwa vya abiria, si vya matembezi. Lakini maji hayaulizi kama mtu amepanda kwa biashara au kwa arusi. Tena angalieni: viwili kati ya vitatu vilipinduka mbele ya macho ya watu wa pwani. Basi neno lile, "ni karibu tu," si kinga.

Sasa mapatano yaweje? Twashauri mambo matano, na yaandikwe katika karatasi, hata kama ni ukurasa uliokatwa katika daftari ya mtoto.

La kwanza ni neno la mwisho. Liandikwe kwamba kuondoka au kutoondoka ni juu ya nahodha, si mwenye chombo aliye mjini, wala baba mwenye shughuli, wala vijana wenye kelele. Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Tena nahodha awe na haki ya kugeuza chombo katikati ya safari bila kuulizwa habari za fedha.

La pili ni fedha zenyewe. Liandikwe kwamba upepo ukizuia, safari huahirishwa, na malipo ya kwanza hubaki yakingojea siku nyingine. Lakini nahodha na mabaharia walipwe ujira wa siku ile kwa kuwa walifika na kungoja. Ujira huu ndio bei ya kubaki pwani. Ni fedha kidogo, nayo yanunua kitu kikubwa, yaani ulimi huru wa nahodha. Mtu asiyeogopa njaa ya jioni husema kweli asubuhi.

Wengine watasema, "Nahodha mvivu akijua kwamba atalipwa bila kazi, si atasingizia upepo kila siku?" Twajibu: ujira wa kungoja uwe mdogo kuliko ujira wa safari, ndipo siku ya maji matulivu mwenyewe atapenda kuondoka. Tena pwani haina siri. Watazameni wavuvi. Wakiwa wamevuta mitumbwi yao mchangani mchana kweupe, nahodha wenu hasemi uongo.

La tatu ni idadi ya watu na uzito wa mzigo. Twende kwa hesabu, maana hesabu haioni haya. Mtu mzima tumpe kilo 70. Wageni 30 ni kilo 2,100. Kreti 10 za soda, kila moja kilo 20 hivi, ni kilo 200. Masufuria, ngoma, spika na jenereta tuviweke kilo 150. Jumla ni kilo 2,450, yaani karibu tani mbili na nusu, nasi hatujawahesabu mabaharia, mafuta, wala wale vijana watano ambao hurukia ndani wakati wa kuondoka kwa sababu ni jamaa. Basi mwulizeni nahodha, si mwenye chombo, chombo kinachukua watu wangapi siku ya mawimbi. Idadi ile iandikwe, na aliyezidi abaki, hata akiwa mjomba wa bwana arusi. Majina ya wote waliopanda yaandikwe pia, na karatasi moja ibaki pwani kwa mtu mwaminifu, pamoja na saa ya kurudi, ili ikipita ajue kwamba ni wakati wa kuita msaada.

Tena mzigo si uzito tu, ni mahali pake. Vitu vizito vikae chini katikati, watu nao wakae, wasisimame. Wageni 20 wakikimbilia upande mmoja kupiga picha, ni kilo 1,400 zilizohama mara moja. Saa ya kukaribia gati ni saa ya hatari, kwa kuwa kila mtu husimama ili atangulie kushuka. Mkubwa wa shughuli awaambie watu wake kabla ya kuondoka kwamba atakayewaita kushuka ni nahodha, nao watashuka mmoja mmoja.

La nne ni jaketi za kuokolea. Mwezi wa Aprili 2019, baada ya ajali katika Ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kwamba abiria wa vyombo vya maziwani wawe nazo. Lakini agizo halielei, kinachoelea ni jaketi. Zihesabiwe siku ya mapatano, moja kwa kila kichwa, na za watoto ziwe za kimo cha watoto, maana mtoto huchomoka katika jaketi ya mtu mzima kama samaki katika wavu uliotoboka. Wala zisifungwe katika kifurushi chini ya viti. Zivaliwe kabla ya kamba kufunguliwa. Twajua kwamba bibi arusi hatapenda kulifunika gauni lake. Na alifunike. Picha nzuri zaidi ni ile ambayo wajukuu watasimuliwa na yeye mwenyewe.

La tano ni mafuta na muda. Manahodha wenye busara hugawa mafuta mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba ya lolote litakalotokea. Upepo wa mbele hula mafuta kuliko mtu anavyodhani, na injini ikizimika chombo hugeuka ubavu kwa mawimbi. Kurudi nako kuwe kabla ya jua kutua. Usiku ziwa ni la wavuvi wa ndagala, wenye taa zao na nyavu zao, na chombo cha karamu kikipita gizani katikati yao ni hatari kwa pande zote mbili.

Basi twende wapi kwa siku moja? Hapa pia yatupasa kupima. Wengine husikia sifa za Mpala, ngome iliyojengwa na Kapteni Émile Storms mwaka 1883 na kukabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885, wakataka kwenda kuiona na kurudi siku ile ile. Lakini toka Kalemie mpaka Mpala ni zaidi ya kilomita 90. Boti inayokwenda kilomita 15 kwa saa itatumia saa sita na zaidi kwenda tu. Hiyo ni safari ya kulala huko, wala si matembezi ya baada ya karamu.

Karibu na mji pana mambo ya kutosha. Waonyesheni watoto mdomo wa mto Lukuga. Mito mingi huingia katika Ziwa Tanganyika, lakini utokao ni huu mmoja tu. Maji yake hushuka mpaka Lualaba, yakawa mto Kongo, yakafika bahari ya Atlantiki. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapa mwaka 1874 akitafuta tokeo la ziwa, akaukuta mto umezibwa na majani. Waambieni pia kwamba mwezi wa Desemba 1915 vyombo viwili vidogo vya Waingereza, vilivyoitwa Mimi na Toutou, viliingizwa majini karibu na hapa, baada ya kuletwa toka kusini mwa Afrika kwa garimoshi, kukokotwa milimani, na kuteremshwa mtoni. Tarehe 26 Desemba viliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Mtoto aliyesimuliwa haya mahali pake hatayasahau.

Lakini mkitaka kushuka pwani nyingine, shukeni polepole. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda yakaingia katika nyumba za watu kando ya mji. Mahali palipofunikwa na maji namna hii huweza kuficha kuta na visiki visivyoonekana. Mtu mmoja atangulie kupima kwa mti mrefu, na watoto wasiruke majini kabla ya wazee kutazama, kwa kuwa ziwa hili lina mamba na viboko pia.

Kwa baba wenye shughuli twasema hivi: aibu ya kuwaambia wakwe, "Leo tutacheza ngoma hapa hapa mchangani," hudumu saa moja. Chakula ni kile kile, na wimbo ni ule ule. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kwa wenye vyombo twasema: nahodha aliyekataa kuondoka siku mbaya amekulindieni chombo chenu, basi msimfukuze, mpeni ahsante. Na kwa akina mama, ambao mara nyingi ndio wanaotunza kibeti cha jamaa, twawaomba jambo moja. Siku ya kuhesabu fedha za safari, baada ya chombo, mafuta na chakula, tengeni fungu moja dogo na kuliandika kwa jina lake: ya kubaki pwani. Upepo ukiwa mwema, litawanunulia watoto soda jioni. Upepo ukiwa mbaya, mpeni nahodha, na mwende nyumbani wote kwa idadi ile ile mliyokuja nayo.